Vichwa vya Tafi

"Kama si dawa ni nini, basi?" Nasreen alipaza sauti kutoka dirishani kwake. Dirisha lake na langu yametazamana juu ya ndia nyembamba, ukitaka kumpa mtu chumvi hushuki ngazi. "Walikula watu nyumba tele, kaugua mume wangu peke yake! Peke yake, Raihana!"

"Mimi n'tajuaje? Muulize Mola aliyemuumba na tumbo lake."

"Lingekuwa tumbo ningeshukuru! Mtu mzima kapanda juu ya kabati, asema nyumba imepinduka, dari iko chini. Azungumza na marehemu mamake, amuomba uji! Hiyo ndiyo tafi hiyo?"

Chini watu walikwisha simama. Mwenye punda wa mchanga alijifanya anakaza kamba, kamba yenyewe imekaza tangu asubuhi.

"Sema tu, wamtaka nini mume wangu?" Nasreen akatoa la moyoni.

"Nimtake Abubakr? Akikoroma kwenu, sahani zangu huku zatikisika! Nimtake wa kazi gani?"

Watu wakacheka, lakini mimi sikucheka. Mimi ni mjane, na mjane akijua kupika ana kesi kila siku.

Hebu nieleze kisa. Nyumba yangu hapa Langoni haifungwi Ijumaa. Watu wakitoka msikitini hupita kwangu wakala, wengine nawajua, wengine nawajulia hapo hapo kwenye sinia. Siuzi chakula. Napenda tu nyumba iwe na sauti, na nikiri, napenda habari, na mtu akishiba hufunguka. Ijumaa ya kisa, Wazir mvuvi alikuwa ameniletea samaki, tafi wazuri kutoka Ndau. Nikawakata vichwa nikaviweka chunguni uwani nije nivifanyie supu, miili nikaikaanga, nikapika na wali wa nazi. Wakala wakasifu. Usiku ule Abubakr akapanda kabati. Kesho yake jioni alikuwa mzima kama mimi na wewe, lakini mkewe alikwisha kutangaza mtaa mzima kwamba nimemtilia dawa.

Ijumaa iliyofuata nilipika kama kawaida. Wakaja wawili, mmoja wao kiziwi, habari haijamfikia. Wa pili, Huwaida, ndugu yangu tulionyonya ziwa moja, alikuja na chakula chake kwenye kopo, ati daktari kamkataza mafuta. Nikatazama masinia yaliyojaa wali, nikajua zikipita Ijumaa mbili tatu za hivi nimekwisha. Jina la mchawi halitoki kwa sabuni. Ndiyo maana kesho yake asubuhi nilimwita Nasreen dirishani, na ndipo mlipotukuta.

"Bi Nasreen," sauti ikatoka juu, chumba cha ghorofani. "Huyo Bwana Abubakr, ngozi ilimwasha? Midomo ilimfa ganzi?"

Alikuwa Fairuz, mpangaji wangu, binti wa Kiunga aliyesomea Mombasa. Alipokuja nilidhani hana kazi, maana hushinda na kompyuta mapajani. Kumbe kaajiriwa na kituo cha utafiti wa bahari. Tafiti zinazoandikwa na wataalamu wa huku na huko huingizwa kwenye ghala moja la kompyuta, wao huliita kanzidata, na kazi ya Fairuz ni kuzisoma na kuzipa faharasa: huu wahusu samaki wa jamii gani, wa pwani ipi, kimetokea nini. Daktari au ofisa wa uvuvi akitafuta, apate.

"Hakuwashwa, hakufa ganzi," Nasreen akajibu. "Wauliza ya nini?"

"Huenda yameandikwa mahali. Njooni tutafute."

"Ndani ya nyumba hiyo mimi siingii!"

"Basi daka lipo nje," Fairuz akasema, akashuka na kompyuta yake.

Tukaketi kwenye baraza ya daka la mlangoni pangu, Fairuz katikati kama kadhi. Nasreen alikunja buibui lake lisiguse langu. Abubakr aliitwa akaja, akakaa mwisho kabisa, akaangalia viatu vyake.

Fairuz akaandika kwa Kizungu, akitutafsiria. Alianza na samaki, na sumu. Kioo kikajaa.

"Maelfu," akasema. "Nyingi zahusu bunju. Yule auwa."

"Mume wangu hakufa," akasema Nasreen, kama anayelalamika.

Nyingine zilihusu kuharisha, nyingine ganzi ya midomo. Fairuz alifungua huu akafunga, akafungua ule akafunga. Nikamwona Nasreen anavyozidi kunyooka mgongo.

"Umeona? Mashine yenyewe haiyajui haya. Si samaki hao. Ni mkono wa mtu!"

Watu walikuwa wamesogea hadi miguuni petu, na kama kompyuta ya watafiti ingeshindwa mbele yao, mimi ndiyo basi tena.

"Haijui kwa sababu nimeuliza vibaya," Fairuz akasema bila haraka. "Yule aliyeuwekea utafiti faharasa hakai na sisi hapa. Sharti nikisie yeye aliuita nini. Pengine kwake hii si sumu, maana hakuna aliyekufa. Bwana Abubakr, uliona nini hasa?"

Abubakr akakohoa. "Mambo. Pakka wamevaa kofia za viua, wamekaa safu, wanisubiri niwasalishe."

Mwenye punda akaangua kicheko.

"Maruweruwe," Fairuz akasema, akaandika neno la wataalamu la maruweruwe, na la ndoto za kutisha. Jina la tafi hakuliandika, akaandika jamii yake, maana kila pwani ina jina lake lakini jamii ni moja. Maelfu yakashuka yakawa kama ukurasa mmoja. Bado yalichanganyika na dawa za hospitali na mambo ya mwani.

"Nahitaji kitu kimoja zaidi. Hoja ya Bi Nasreen ni ya kweli: mbona yeye peke yake? Lazima alikula kitu ambacho wengine hawakula."

"Nilikula na watu," Abubakr akasema upesi. "Sinia moja. Na kidogo tu, mke wangu kanikataza chumvi, kwa ajili ya presha."

Alivyosema upesi vile, sikio langu likasimama. Mimi sikusoma, lakini nimekaa na watu, na mtu akikupa jibu ambalo hukumuuliza, hapo pana jambo. Nikaanza kukumbuka Ijumaa ile, nani aliingia, nani alitoka, nani alikwenda kunawa mikono uwani akakawia.

"Fairuz," nikasema, "vile vichwa nilivyoviweka chunguni vililiwa. Nilipokwenda jioni kupika supu, mlikuwa na miba tu. Niliwalaani pakka, nikawafukuza uwani kwa ufagio."

"Pakka wa mtaa huu wezi," Abubakr akaunga mkono.

"Wezi, ndiyo. Lakini, Bwana Abubakr, chungu nilikikuta kimefunikwa. Pakka gani akimaliza kula hurudisha kifuniko?"

Abubakr alitazama viatu, akatazama angani, mwisho akamtazama mkewe.

"Vilikuwa vimetiwa ndimu," akasema kwa unyonge. "Na chumvi. Na vimeshachemshwa kidogo. Nasreen, tangu Ramadhani sijaonja chumvi!"

"Vyote?" Nasreen akauliza.

"Vilikuwa vidogo vidogo."

"Mwizi wa vichwa we! Na mimi nakupikia mchuzi mweupe, nakulilia mato yamevimba!"

Fairuz hakungoja waishe kugombana. Aliongeza neno kichwa, akabonyeza. Zikabaki tafiti chache za kuhesabika. Utafiti wa kwanza, jina lake lilisema ni habari ya vyakula vya samaki wanaokula mwani kwenye visiwa vya mbali huko. Nikasema, huu sio, teremka chini.

"Ngoja," akasema. "Jina halisemi kitu, lakini faharasa ina neno maruweruwe. Mtu ameusoma mpaka ndani." Akasoma kimya, kidole kinateremka. Kisha akatutafsiria polepole: ya kwamba watu kadhaa walikula samaki wanaokula mwani, wa jamii ya tafi na jamii nyingine, ya kwamba waliokula vichwa ndio waliosumbuka zaidi, waliota mambo ya kutisha, wakahisi dunia imepinduka, na baada ya siku moja au mbili wakapona wenyewe.

"Dunia imepinduka!" akasema Abubakr. "Si nilisema? Dari ilikuwa chini!"

"Hii si hukumu," Fairuz akaonya. "Mimi si daktari, na kesho nenda hospitali uwaeleze ulichokula, usifiche. Samaki wa namna hii si kila mara huwa hivyo, na watafiti wenyewe wasema sababu hawajaijua sawasawa. Lakini yaliyokupata yamewapata wengine, na huko hakukuwa na Bi Raihana."

Mwenye punda ndiye aliyeanza kucheka, kisha wote. Habari ikaondoka mbio kuelekea sokoni, na safari hii sikuhitaji kuisukuma. Nilijua mpaka adhuhuri Huwaida atakuwa amepona mafuta.

Watu walitawanyika. Abubakr alitangulia kwao. Fairuz alibaki anaandika. Akaniambia anaongeza neno moja la faharasa kwenye utafiti ule, ili mwingine akitafuta kama sisi asihangaike.

Nasreen hakuondoka. Aliinuka, akakung'uta buibui lisilo na vumbi, akasimama kati ya mlango wake na wangu. Radhi hakuomba, na mimi namjua, angeomba ningeshtuka.

"Wali wako wa yana," akasema hatimaye, akitazama ukuta, "uliumwaga?"

"Wali wa nazi umwagwe? Nimeuweka. Naupasha sasa hivi."

"Na kitoweo?"

"Kunde. Na papa mkavu kidogo." Nikafungua mlango mbao zote mbili, wapita ndia waone. "Vichwa hamna. Ingia, Nasreen, nawa mikono tule."