Kaka Hataki Kuzika

Kaka yangu ni fundi bomba, ni Rasta, na kwa ukaidi punda ana nafuu. Daktari alipotuambia tumrudishe mama nyumbani na tujiandae, nilimwita kaka kwenye chumba changu cha kushonea, nikamuuliza jambo moja: siku ikifika, utamzika mama?

"Sitakuja, dada. Nimeweka nadhiri, sikaribii maiti. Jah ni Mungu wa walio hai."

"Kumbe mama akifa anageuka maiti tu?"

"Mama hafi. Utabaki mwili, na mwili hauna shida na mimi."

Kwa hasira nikakata kitambaa cha mteja upande. Mtoto wa kiume ni yeye tu. Majirani ndio wafukie kaburi, halafu mimi niuweke wapi uso wangu?

Jumamosi, siku yake ya ibada, akaja na ngoma. Aliketi karibu na kitanda cha mama, akavua kofia, maana wanaume wao hawasali vichwa vikiwa vimefunikwa, na nywele zikamwagika hadi kiunoni. Akapiga taratibu, mapigo mawili mawili kama moyo, akimsifu Jah. Kisha akaweka mikono juu ya ngoma.

"Mama, asante kwa kunibeba mgongoni hadi shule nilipovunjika mguu. Asante kwa kutonifukuza nilipoanza kufuga nywele, ukoo mzima ukanikalia kikao. Nisamehe ule mwaka niliokununia. Jah aliye ndani yangu anamsalimu aliye ndani yako."

Mama alikuwa akicheka huku machozi yanamtoka. Mimi nilisimama mlangoni na bakuli la supu, roho ikiniuma.

"Maneno hayo watu huyasema makaburini," nikamwambia.

"Kule atayasikia nani?"

Nikafungua mdomo nimjibu, mama akainua mkono.

"Mwache. Kaburi halikosi wa kulifukia." Akanigeukia. "Na wewe, mwanangu, unanilisha, unanifulia, unanigeuza, yote kwa kununa. Una neno, au unasubiri nife?"

Supu ilikuwa inapoa. Nikaiweka sakafuni, nikakaa kitandani, nikamshika mama mguu juu ya shuka.

"Mama," nikasema, "sijanuna. Naogopa."