Risasi Tano Kwenye Kisosi

Tk. Kimya. Tk.

Alfajiri, kabla birika halijawekwa jikoni, Oleta Stidham alikuwa akivuta kifyatulio cha bastola tupu mezani, ameielekeza ukutani. Risasi zake tano zilikuwa kwenye kisosi karibu na sinki. Chumba cha pili mjukuu wake Kendra alikuwa bado amelala. Alirudi kwa bibi yake huku bondeni majira ya kiangazi, jicho limevimba, na nguo zake kwenye mfuko wa taka. Mahakama ilimkataza mumewe, Dewayne, kuisogelea nyumba ile. Dewayne akatuma salamu kwamba karatasi haina mikono.

Ndipo Oleta akaenda kwenye duka la bunduki la Lonnie. Kama ilivyo kwa kila mwanamke anayeingia pale, Lonnie alimtolea kwanza kibastola chepesi cha rangi ya waridi.

"Hiki hata mfuko wa aproni hautajua kimo, mama."

Mzee Virgil, aliyekuwa akinywa kahawa kwenye kigoda, akacheka. "Usimdanganye mama wa watu. Bastola nyepesi ni kama punda mwenye njaa, mateke ndiyo anayo mengi."

Lonnie akampa nyingine, ya kuvutwa mgongo ili risasi iingie. Oleta alivuta mpaka macho yakamtoka machozi. Vidole vyake vya baridi yabisi vilikataa. Lonnie aligeuka akaanza kupanga rafu iliyokwisha kupangwa, asimtazame akishindwa. Oleta hakuusahau wema ule. Mwishowe alichukua ya kizamani, fupi, yenye matundu matano yanayozunguka. Ilikuwa nzito kidogo, ila haikudai nguvu nyingine zaidi ya kidole.

Kilichomshinda ni risasi. Pakiti moja ya zile nzuri ilizidi bei ya nyama ya wiki nzima, na bado alikuwa na dawa za sukari za kununua. Alinunua ndogo kabisa. Virgil akampeleka nyuma ya ghala lake, akamwachia apige risasi zake Virgil mwenyewe, wala hakutaka hata asante. Lonnie ndiye aliyemfundisha njia ya wasio na fedha: toa risasi, vuta tupu kila siku, kidole kitazoea bila gharama.

Kidole kikazoea. Mchana kutwa bastola ilikaa kwenye aproni, chini ya kitambaa cha mkono. Alikaanga nayo mayai, akaanika nayo nguo.

Asubuhi ile ya umande wa barafu, Oleta akiwa bado anavuta tupu, Dewayne aliupiga teke mlango wa jikoni, komeo likaruka. Aliijua saa ya nyumba ile. Alikuwa amekula mezani pale miaka. Oleta hakufikiri. Mkono ulikuwa tayari juu. Alimlenga kifuani akavuta.

Tk.

Kisosi kilikuwa nyuma yake, kimejaa.

Dewayne alisimama kama aliyemwagiwa maji. Alijitazama shati, akaligusa.

"Umeniua, Bibi," alisema taratibu. "Umevuta kweli."

Oleta akavuta tena, kwa kuwa hakujua la kufanya lingine. Dewayne bado ameduwaa. Chumbani dirisha liliinuliwa, na miguu mitupu ikasikika ikikimbia juu ya majani yaliyoganda, kuelekea kwa majirani. Sauti ile ndiyo iliyomzindua Dewayne. Aliinyakua bastola akampiga nayo Oleta, kifundo cha mkono kwanza, kisha nyonga alipokwisha kuanguka. Polisi walimkuta Dewayne ameketi kwenye ngazi za nje.

Alifungwa, lakini si kifungo cha milele. Kendra akahamia mbali, mji ambao hakumtajia hata bibi yake, ili asiwe na cha kuficha akiulizwa. Nyonga ya Oleta haikuunga vizuri. Nyumba ikauzwa, akawekwa kwenye makao ya wazee, kitanda cha karibu na dirisha. Muuguzi mmoja humkatia nyama vipande vidogo bila kuombwa.

Majira ya kuchipua Kendra alikuja mara moja, nywele zimekatwa na kupakwa rangi nyeusi, kaleta jamu ya tufaha. Alikaa na koti lake mwilini.

"Bibi, ulijua haina kitu?"

"Sikujua."

"Basi ungemuua."

"Nilimuua, mwanangu. Risasi tu ndizo hazikuwemo."

Kendra aliuchukua mkono uliopinda, akausugua vidole kimoja kimoja mpaka vikapata joto. Nje dereva aliyemleta alikuwa hajazima gari. Kendra aliposimama, Oleta hakumwachia ncha ya koti.

"Usiniambie unakoishi," alisema. "Wala usiniambie lini. Lakini njoo tena. Nitakapokuwa nimelala, niamshe."