Racheti Fupi ya Fundi Taratibu

Fundi Taratibu alizikwa Alhamisi, na Jumatatu saa moja kasoro robo akaingia kiwandani kama kawaida yake, akasaini kitabu cha mahudhurio. Msimamizi alimuuliza Ijumaa alikuwa wapi. Akaomba radhi, akachukua racheti yake ya mpini mrefu, ile spana inayolia krr kila inapokaza, akaenda nyuma ya pampu kubwa.

Kati ya pampu na ukuta pana nafasi ya kiganja kimoja, na humo ndimo ilimo nati inayoshika kinga ya mkanda. Mpini mrefu hugonga ukuta kabla racheti haijalia hata mara moja. Miaka mitatu fundi aliomba racheti fupi, ile ambayo mkono ukicheza inchi mbili tu, nati inakazika. Miaka mitatu akapigwa kalenda. Kisha kinga ikachomoka, mkanda ukamvuta mkono, na mwenye mkono akafuata.

Mkewe, Mama Pacha, mshonaji wa nguo, alipata habari za kurudi kwake kutoka kwa mlinzi wa getini. Hakushangaa. Mumewe hakuwahi kuacha kazi nusu. Hata sufuria ikilegea mpini, hapati usingizi. Kilichomuuma ni kwamba amerudi kazini, si nyumbani. Saa nne alimpelekea chai. Hakuinywa. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwa kugonga ukuta, wala havikutoa damu.

“Baba Pacha, twende ukapumzike.”

“Nikishaikaza hii, mke wangu. Isije ikamla mtu mwingine.”

Mama Pacha akauza cherehani yake, akanunua racheti fupi, ndogo kuliko upawa. Mlinzi akaiandika getini. Mama Pacha alibeba pia shati jeupe la mumewe, limepigwa pasi.

Fundi akapenyeza mkono nyuma ya pampu. Krr, krr, krr. Nati ikakazika. Akajifuta mikono, akavaa shati, akaanza kufunga vifungo kimoja kimoja, na mkewe akalia kwa nafuu aliyoipata.

Msimamizi akaja, akaikagua nati, akamsifu. Akasema kwa kuwa chombo sasa kipo, pampu ya pili nayo ina nati kama hiyo, na ya tatu pia.

“Mkuu, huyu amekufa,” alisema Mama Pacha.

“Najua, mama. Pole sana. Lakini nani mwingine anaijua kazi hii?”

Fundi aliitazama pampu ya pili. Mama mmoja wa zamu alikuwa amesimama pale akijaza fomu, mgongo wake karibu kabisa na mkanda. Fundi akafungua vifungo, akalikunja shati taratibu, akamrudishia mkewe.

Getini Mama Pacha aliomba apewe angalau racheti yake. Mlinzi akamwonyesha kibao ukutani: kifaa kilichoingia hakitoki bila kibali cha msimamizi. Naye akampa pole.

Kesho yake saa nne alipeleka chai, ingawa mumewe hanywi.