Shati la Mahakamani

Mfuko ulipita kwenye kidirisha cha gereza umefungwa kwa kamba. Askari aliusukuma kwa kiwiko, maana mkono mmoja ulishika kalamu na mwingine kikombe cha chai.

"Mia mbili na kumi na nne. Wewe ndiye mama yake?"

"Ni mimi, afande."

"Pole. Angalia vitu vyako, halafu tia sahihi hapa."

Mama Pasi hakuangalia vitu, aliangalia karatasi. Darasa la saba alimaliza, na kusoma anasoma, ila polepole, kidole kikitangulia. Karatasi ilisema kijana wake alifikishwa mahakamani mara tatu, akajitetea, akaonekana ana hatia, akahukumiwa kunyongwa, na hukumu imeshatekelezwa. Maiti imezikwa na serikali. Tangu wamchukue kwenye meza yake ya kutengenezea redio, wakidai mojawapo ilikuwa ya maadui, zilikuwa zimepita siku kumi na tisa. Mtaani walimwita Waya, kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya wembamba wake.

"Mahakama ipi hiyo, mwanangu? Mimi nimeshinda hapa getini siku zote hizo. Mbona sikuona gari likitoka naye?"

"Mama, foleni ndefu."

"Siku ya kesi alivaa nini?"

Askari alipuliza chai yake. "Si shati ulilomletea? Tuliwaambia wote mlete mashati safi, tusimpeleke mtu mbele ya hakimu kama mwizi wa kuku. Alilivaa. Tia sahihi."

Mama Pasi alifungua kamba. Juu kulikuwa na suruali iliyopasuka goti, na ndala moja, ya kushoto. Chini yake, shati.

Mama Pasi amepiga pasi nguo za watu miaka ishirini na miwili. Anatumia mkono wa kushoto, kwa hiyo hukunja upande wa kushoto kwanza, kinyume na wapiga pasi wote wa mtaa ule. Chini ya kola huweka kadi aliyoikata kwenye boksi la sabuni. Kwenye kifungo cha pili hupitisha pini, shati lisicheze njiani. Pini ilikuwepo. Kadi ilikuwepo. Mikunjo ilisimama kama alivyoiacha, wanga haujavunjika hata mahali pamoja. Alilinusa. Lilinuka mkaa na wanga, yaani kibarazani kwake mwenyewe. Jasho la mtoto wake halikuwemo, na jinsi alivyotamani liwemo!

"Hakulivaa," alisema.

"Nini?"

"Hakulivaa shati hili. Basi hakwenda popote."

Askari aliweka kikombe chini. "Nyie kina mama mna maneno. Tia sahihi, au niachie mfuko."

Mama Pasi alitia sahihi, akaukumbatia mfuko, akapisha foleni.

Kesho yake alinunua daftari la shule, la kurasa tisini na sita. Akaanza kuwauliza wanawake wa getini swali moja tu: shati la mahakamani limerudi? Kama limerudi, usilifungue, njoo nalo.

Walikuja mchana, mmojammoja, vifurushi vimefichwa kwenye vikapu. Aliyekunja mwenyewe shati la mwanawe hakuhitaji kuelezwa. Alilitazama tu, akaketi chini. Mama Pasi aliandika kwa herufi kubwa, bila majina, maana majina yanaua. Mtoto wa mkunga, shati la kijivu, halijavaliwa. Mume wa mwalimu, shati jeupe, halijavaliwa. Mapacha wa fundi viatu, mashati mawili, hayajavaliwa, gundi ya lebo bado kwenye kola. La dereva wa lori lilirudi likiwa si lake. La muuza magazeti halikurudi kabisa. Ukurasa ukijaa, aligeuza mwingine.

Muuza mkaa, shoga yake wa miaka mingi, alikuwa anakuja na gunia kila Jumatatu na kumkuta amelala juu ya daftari.

"Ona huyu! Unaandika mashati ya watu kama karani. Shoga, iko siku watakuja wakukunje wewe, wakutie na pini."

"Watie tu. Mimi nimeshanyooka."

Walicheka wote wawili, kisha mmoja akaacha kucheka kabla ya mwenzake.

"Mwanangu nimemwambia asitoke," alisema muuza mkaa. "Akitoka, iwe kisimani na kurudi. Vijana wenyewe midomo hawaiwezi."

"Wangu alikuwa hasemi na mtu. Alikuwa anasema na redio."

Mashati yalipofika ishirini na saba, Mama Pasi alivaa gauni lake la heshima, akalichukua daftari na shati la Waya, akaenda ofisi ya malalamiko. Ukutani palibandikwa tangazo: kila mwananchi ana haki ya kusikilizwa. Alilisoma mara nyingi, kwa sababu aliketi mbele yake tangu asubuhi mpaka adhuhuri ikapita.

Ofisa alikuwa mtu mpole, mwenye miwani. Alisimama kumpokea.

"Karibu, mama yangu. Nieleze bila wasiwasi."

Alieleza yote. Pini, kadi, wanga, mkono wa kushoto. Ofisa alitikisa kichwa kwa huzuni, wala hakumkatiza.

"Naomba nilione hilo shati."

Hakuna mkubwa aliyewahi kumwomba hivyo. Mama Pasi alimpa kwa mikono miwili.

Ofisa alichomoa pini, akaiweka juu ya meza. Akatoa kadi. Kisha akalishika shati mabegani, akalikung'uta mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayetoa vumbi, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Mama Pasi alikuwa ameshanyanyuka, mkono mbele, kinywa wazi.

"Shati zuri," alisema ofisa. "Halina damu, halina tundu. Sasa ushahidi uko wapi?"

"Ulikuwa kwenye mikunjo, mheshimiwa."

"Mikunjo ipi?"

Mama Pasi alilichukua. Akalikunja palepale mezani, kushoto kwanza, kadi chini ya kola, pini kwenye kifungo cha pili. Ofisa alimtazama mpaka akamaliza.

"Unaona, mama yangu? Umelikunja mbele yangu sasa hivi. Nani atakuamini kwamba hukulikunja jana?" Alifungua faili, akageuza karatasi moja imwelekee. "Na hii si sahihi yako? Umekubali mwenyewe. Mara tatu mahakamani."

Njiani alilinusa shati. Lilinuka marashi ya ofisa.

Siku ya nne muuza mkaa alikuja, na haikuwa Jumatatu. Hakuwa na gunia. Alisimama chini ya kibaraza, kitu amekibana kwapani.

"Wamemchukua," alisema. "Kisimani. Ndoo nimeikuta imejaa."

Mama Pasi aliweka pasi chini.

"Kesho anapelekwa mahakamani. Askari wa dirishani ameniahidi mwenyewe, kwa mdomo wake. Amesema nilete shati safi. Wangu hana kosa, shoga. Lake halitarudi."

Mama Pasi alilipokea shati lililokuwa kwapani, akapuliza makaa mpaka yakawa mekundu. Alinyunyiza wanga, akapiga pasi taratibu, mikono, mgongo, kola, akarudia mahali palipokuwa pameshanyooka. Alikunja kushoto kwanza. Kisha akachukua sindano na uzi mweusi, akalishona shati lote lililokunjwa, kutoka kifuani mpaka nyuma, mishono saba, akafunga fundo.

"Unafanya nini wewe? Atalivaaje?"

"Akilivaa, uzi utakatika. Nami nitafurahi ukikatika."

"Na usipokatika?"

Mama Pasi alikata uzi kwa meno.

"Likirudi, usilifungue. Mtu akitaka kuliona, alione kwa macho. Usimpe mkononi, hata akikuita mama yake, hata awe mpole namna gani. Umesikia? Na wakikupa karatasi..."

Alichomeka sindano kwenye kanga yake.

"Wakisema nisipotia sahihi hawanipi mfuko?"

Mama Pasi aliinama kama anayeyatafuta makaa yaliyodondoka. Alipoinuka alivuta daftari, akaandika. Mtoto wa muuza mkaa. Shati jeupe la mistari ya buluu, kola imegeuzwa. Uzi mweusi, mishono saba. Mbele yake akaacha nafasi.

Muuza mkaa hakusoma hata darasa moja. Aliinama juu ya daftari, akaifuata mistari kwa kidole mpaka akafika pasipokuwa na kitu, akabonyeza hapo.

"Na hapa, shoga? Pameandikwa nini?"

"Hapo bado."

Alipoondoa kidole, doa la mkaa lilibaki penye nafasi ile, duara, na mistari yote ya kidole chake ikionekana.