Kichaka Hana Maiki

Mapumziko ya mchana nakaa juu ya furushi la mashuka ya hospitali, nanyoosha miguu iliyovimba, nafungua simu. Wafuaji wenzangu hunicheka: "Mama mzima na bunduki za kwenye simu!" Wacheke tu. Mchezo wenyewe umeshachuja, vijana wamehamia mipya, lakini kikosi chetu hakibanduki. Humo asiyejua kulenga ni boti, aliyeangushwa amelala, na anayejificha majanini kama mimi ni kuku. Mimi wameniita Kichaka.

Kiongozi wetu ni binti yangu wa pekee. Hajui kuwa ni mimi.

Nilimwambia ukweli kuhusu mchumba wake. Akanuna, akaolewa, akahamia mbali, na simu zangu akaacha kupokea. Mdogo wangu ndiye aliyeninong'oneza jina analochezea. Nikawaambia kikosi maiki yangu mbovu, nikawa naandika tu. Nimechoka, jamani. Umama gani huu wa kuandika "adui kushoto"? Lakini angalau sauti yake naisikia, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Jana alikuwa na kikohozi. "Niamsheni, nimelala!" alipiga kelele huku kifua kimembana. Nikachomoka majanini, nikamwamsha, nikampa bandeji zangu zote. Kisha vidole vikaniponza. Nikaandika yale niliyomwambia tangu utotoni: "Vaa sweta. Na maji baridi usinywe."

Wenzetu wakaangua kicheko. "Kichaka kawa nesi!" Yeye hakucheka. Alitoka mchezoni katikati ya vita, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Yarabi! Nimejimaliza mwenyewe, nikawaza. Hata hiyo sauti sasa basi. Nikarudi kwenye mashine, nikalia mbele ya mvuke, na kwenye mvuke nani atajua unalia?

Simu ikaita. Nikafuta mikono kwenye gauni, nikapokea.

"Mama? Kichaka ni wewe?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoacha kupokea simu zangu."

Nikamsikia akivuta kamasi.

"Kwa hiyo zile siku nawasimulia wenzangu mabaya yako, kwamba huna huruma, kwamba heri nisingekuwa na mama... ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Na hukuondoka?"

"Ningeondokaje? Ungepigwa kwa nyuma."