Kosa la Fundi Chakura

Mtaani hakuna aliyelijua jina lake halisi, na mwenyewe hakulalamika. Alikuwa Fundi Chakura, mwandika vibao, mgeni aliyehamia nchini miaka kumi na moja iliyopita. Jina hilo alilipata kwa kibao chake cha kwanza, alichomwandikia mama wa mgahawa wa kona: CHAKURA TAYARI. Mama alichemka asubuhi nzima, mpaka alipoona waliokuja kucheka wanavuta viti na kuagiza. Tangu hapo wateja walimwomba wenyewe: "Fundi, na mimi nitie kosa moja." Kinyozi akapata KINYOZI HODALI. Muuza dawa akapata DUKA RA DAWA, akajivunia kweli kweli.

Siri aliijua mkewe peke yake. Kufikia mwaka wa pili Fundi alikuwa hakosei tena. R na L alizitofautisha vizuri kuliko hata kinyozi. Aliendelea kukosea kwa sababu makosa yalimletea wateja, na pia kwa sababu mgeni anayechekesha haulizwi maswali mengi. Hilo la pili hakupenda kulifikiria.

Kisha msako ukaanza. Watu wa uhamiaji walipita duka hadi duka wakidai karatasi. Dada mshonaji wa mlango wa pili, mgeni kama Fundi, alikuwa na kawaida ya kushona barazani huku akiimba kwa sauti mbaya ajabu. Sasa aliingiza cherehani ndani, akafunga mlango. Mtaa ulisikia cherehani tu ikinguruma nyuma ya mbao. Fundi, aliyeulaani wimbo ule miaka yote, sasa aliutamani mpaka akajionea aibu.

Jumanne afisa mmoja wa uhamiaji alimletea kazi: ukuta wa soko, ule unaotazamana na maduka yao, herufi kubwa nyekundu. JIRANI YAKO NI HARAMU? TUPIGIE SIMU. Chini yake namba ya bure.

"Kibali chako cha kudumu kiko mezani kwangu," afisa alisema. "Ijumaa natia saini."

Nyumbani Fundi alishika tama. Mkewe ndiye aliyeanza kucheka.

"Baba, wewe si hujui R na L? Kosea!"

"Nikiulizwa?"

"Useme umekosea. Nani asiyekujua?"

Wakacheka wote wawili mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumatano, saa nne asubuhi, ukuta ulikuwa tayari: JIRANI YAKO NI HALALI. TUPIGIE SIMU.

Na watu wakapiga. Mama wa mgahawa alitangulia, simu kaiweka kwenye spika wateja wasikie. "Halo? Napiga kuhusu jirani yangu. Eeh, halali kabisa. Sare za wanangu wote kazishona yeye." Kinyozi alipiga kuarifu kwamba jirani yake ni halali ila redio yake ina makelele, wamtume mtu aongee naye. Muuza dawa alipiga mara tatu, kila jirani na simu yake.

Mchana afisa alifika, kola imelowa jasho. Mtaa mzima ulitoka nje kutazama.

"Simu hazipumziki tangu asubuhi!" alifoka. Kisha akamwangalia Fundi, akashusha sauti, maana hakuwa mtu mwenye roho mbaya. "Sikiliza. Najua R na L zinakuchanganya, ukishatia L neno zima linakupotea. Sema umekosea, rekebisha, Ijumaa uje uchukue karatasi yako. Nakusaidia, bwana."

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Ndipo Fundi akagundua kwamba cherehani imenyamaza. Nyuma ya mlango uliofungwa, dada mshonaji alikuwa akisikiliza. Na Fundi akaona jambo ambalo yeye na mkewe, kwa kicheko chao chote, hawakuliona: akisema halali ni kosa, basi lililo sahihi ni lile neno jingine.

Akamtazama mkewe. Mkewe hakuwa akicheka tena. Aliitikia kwa kichwa.

"Sikukosea, bwana afisa."

"Unasemaje?"

"Haramu ina R. Naijua. Ningetaka kuiandika ningeiandika. Nimeandika halali kwa sababu ndicho nilichotaka kusema."

Kinyozi alishindwa kuvumilia.

"Kumbe R unaijua! Tangu lini?"

"Mwaka wa pili."

"Na HODALI yangu je?"

"Si uliiomba mwenyewe!"

Watu waliangua kicheko, wakashikana mabega wasianguke. Hata dereva wa afisa aligeukia upande wa pili, mgongo ukimcheza.

Afisa hakucheka. Alisema ukuta utapakwa chokaa, na faili la Fundi litarudi chini ya mafaili yote, aanze upya. Hilo lilimchoma, tusidanganyane. Miaka kumi na moja si mchezo. Mkewe alimshika mkono mbele ya watu, akamwambia, "Tushaanza upya mara ngapi sisi?" Na gari la afisa halijafika hata kona, mama wa mgahawa alikuwa keshapiga tena ile namba, kuarifu kwamba mwandika vibao naye ni halali.

Alasiri mlango wa pili ulifunguka. Dada mshonaji alitazama kushoto, akatazama kulia, akaikokota cherehani mpaka barazani.

"Kaka, nataka kibao."

Miaka tisa aliyokaa mtaani alikuwa hajawahi kutaka kibao.

"Niandike nini, dada?"

"Jina langu. Lote, na la baba na la babu."

"Nikutie kosa?"

"Thubutu uone."

Lilikuwa na R mbili na L moja. Fundi aliziandika polepole, kila moja mahali pake, na kabla hajamaliza herufi ya mwisho, nyuma yake ule wimbo mbaya ukaanza.