Mkono Mgongoni

Glavu nyeupe za Odessa Tidwell zilikuwa mkobani tangu mwezi wa tatu, zimekunjwa pamoja na leso na peremende, na kila alipozigusa aliondoa kidole kama aliyegusa jiko. Kwa miaka thelathini na minne alizivaa akiwa mkuu wa wahudumu wa mlangoni, wanaowapokea waumini, katika Kanisa la Bethlehemu Jipya, mjini Tarpley, Alabama. Sasa mlango ule alikuwa amemwachia rafiki yake, Dada Verlene, akisingizia magoti.

Magoti yalikuwa mazima. Kilichomuuma ni mkono wa mjukuu wake.

Ellis, kijana mweusi, alisimamishwa na askari mzungu kwa sababu ya taa mbovu ya gari. Akaambiwa ashuke, asimame wima, atulie. Mtu mwenye hofu hurudi alikofunzwa: Ellis alibana visigino, mkono wa kulia ukakaa ubavuni, wa kushoto akaukunja mgongoni. Ndivyo wahudumu wa mlangoni wasimamavyo, na ndivyo bibi yake alivyomfunza tangu ana miaka saba. Mkono wa kulia ni wa kutumikia, alikuwa akimwambia. Wa kushoto ni wa heshima. Askari alisema aliuona ukienda kuchomoa bastola. Risasi ilimpenya begani. Hakukuwa na bastola.

Leo tume ya raia saba ingeamua kama askari alifyatua kwa haki. Ikisema ndiyo, Ellis angeshtakiwa kwa kumtisha askari, na jela ilikuwa inamsubiri. Wakili alipomuuliza, alijibu kwamba alisimama tu. Hakumtaja bibi yake. Odessa alijua kwamba anamkinga, na jambo hilo lilimla moyo zaidi ya risasi yenyewe.

Ukumbi wa mji ulijaa kufikia saa tisa alasiri. Kila msemaji alipewa dakika tatu. Bwana Kessler, askari mstaafu, alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

“Ni sekunde mbili tu,” alisema. “Nyinyi mmekaa wiki sita mnamhukumu mtu aliyekuwa na sekunde mbili. Rangi haikuwemo. Askari huangalia mikono.”

“Mbona sekunde zenu hurefuka mkimsimamisha mzungu mwenzenu?” alidakia mtu kutoka nyuma, na ukumbi ukachemka hadi mwenyekiti alipogonga nyundo.

Dada Verlene alimgusa Odessa kwa kiwiko. “Unatafuna peremende kama uliyekuja harusini. Jina lako limeitwa.”

“Nitasema nini, Verlene? Kwamba mimi ndiye niliyemponza?”

“Sema kweli. Dakika zikikwisha, sisi tupo.”

Odessa alipiga moyo konde, akasimama. Njiani kuelekea kipaza sauti alifungua mkoba, akavaa glavu. Hakujua kwa nini.

“Naitwa Odessa Tidwell. Mjukuu wangu hakujifunza mwenyewe kusimama vile. Mkono ule niliuweka mimi; ndivyo tusimamavyo sisi wahudumu wa mlangoni kanisani.”

Ellis, mkono ukiwa kwenye kitambaa shingoni, alitikisa kichwa kumzuia. Odessa hakumsikiliza.

“Bwana Kessler anasema rangi haikuwemo. Sibishani naye. Namwomba ageuke tu, atazame mlangoni.”

Watu wote waligeuka. Askari wawili wazungu walikuwa wakilinda mlango, miguu imepanuka, mikono yote miwili mgongoni.

“Hawa wanangu wamesimama hivyo saa nzima, na bastola wanazo. Nani humu aliyeogopa? Mimi niliwaona nikasema, vijana hawa wamefunzwa vizuri. Nami wangu nilimfunza. Kwa nini yeye adabu yake ipigwe risasi?”

Askari mmoja aliileta mikono yake mbele, akaitazama, asijue pa kuiweka.

Kengele ya dakika tatu ililia. Dada Verlene akasimama, mkono wa kushoto mgongoni. Nyuma yake akasimama mzee wa Kimethodisti, kisha akina mama wa Kipentekoste, kisha safu nzima, hadi watu zaidi ya arobaini, wengi wao wenye mvi, walikuwa wima ukumbini, wahudumu wa milango ya makanisa yote, kila mmoja mkono wa kushoto mgongoni. Mwenye macho haambiwi tazama. Mwenyekiti aliinua nyundo, kisha akaiweka chini taratibu.

“Sikujua,” alisema Bwana Kessler. “Miaka ishirini na sita kazini, hakuna aliyeniambia.”

“Hukuwahi kuja kwetu,” alijibu Odessa. “Karibu Jumapili. Nitakupa kiti cha mbele, usisinzie, nitakuona.”

Hata Kessler alicheka. Tume ilipopiga kura, zilikuwa tano kwa mbili: askari hakufyatua kwa haki. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele na nyimbo, watu wakakumbatiana na wasiowajua, na Odessa akalia hadharani bila haya.

Jumapili alirudi mlangoni. Ellis alisimama kando yake, suti imepigwa pasi, akajaribu kuukunja mkono wa kushoto. Bega likakataa katikati ya safari.

“Haufiki, Bibi.”

“Utafika. Nyoosha shingo.”

Alisogea karibu naye, akapitisha mkono wake wenye glavu na kuuweka mgongoni mwa mjukuu wake, pale pale mkono wa Ellis ulipopaswa kuwa. Nje, watu walikuwa wanapanda ngazi.

“Haya,” alisema, “fungua mlango.”